Kibanda Kilichonuka Lami

Hatua mbili tu kabla ya mlango wa kibanda, Nappi aligoma. Aliikaza miguu yote minne kama vigingi, na ule mkia wake wa kujipinda mgongoni, mkia wa majivuno, ukanyooka, ukashuka, ukajificha katikati ya mapaja. Lempi akatupa kipande cha ini la kulungu hadi ndani kabisa. Ini! Kwa ini, mbwa huyu angeuza ukoo wake wote. Lakini wapi! Alilitazama ini, akautazama mlango, kisha akamgeukia Lempi kana kwamba anauliza: mama, nimekukosea nini?

"Haya," Lempi alisema polepole. "Umenusa nini ambacho mimi sikinusi?"

Kibanda chenyewe kilikuwa kimefika jana yake juu ya tela la trekta la Reijo Turunen, jirani wa ng'ambo ya shamba la viazi. Cha zamani, cha mbwa wake aliyekwisha kufa, lakini kizuri, hilo halina ubishi. Kuta mbili mbili zenye maranda katikati, paa la mteremko ili theluji isilundikane, mlango pembeni ili upepo usimpige mbwa usoni. Tena kidogo, maana kibanda kikubwa hufurahisha macho ya binadamu tu. Mbwa hawezi kukipasha joto kwa mwili wake. Na kilikuwa cha bure. Hapo ndipo Lempi alipoanza kuwashwa moyoni. Reijo ni mtu ambaye ukiazima msumari kwake, kesho anakuja kuuliza umeupigilia wapi. Mtu wa namna hiyo akikupa kibanda kizima, hutazami kibanda, unamtazama mikono.

Halafu lami. Ile lami nyeusi ya msonobari ambayo Wafini hupaka mitumbwi, Reijo alikuwa amekipaka kibanda nje na ndani, dari na sakafu, mpaka macho yalimtoka machozi aliyekisogelea.

Lempi angemlaza mbwa jikoni, kama si ukweli kwamba mbwa wa kuwinda akilala karibu na jiko manyoya humpukutika, na baridi ya Novemba ikamwaibisha mbele za watu. Na Nappi hakuwa mbwa tu. Tangu mumewe Lempi afariki, nafasi ya mjane katika kundi la wawindaji wa kijiji cha Kuusivaara ilishikiliwa na mbwa. Mwenye mbwa anayejua kumsimamisha kulungu kwa kubweka hupata fungu lake la nyama, na neno lake husikilizwa. Asiye na mbwa huambiwa, mama, tuchemshie kahawa.

Mbwa wa kwanza, Jeri, alikuwa na neno kubwa sana. Februari iliyopita walikuta mnyororo, nusu ya mkanda wa shingo, na damu chini ya theluji mpya iliyofunika nyayo zote. Mbwa mwitu, kijiji kikasema, na Lempi angekubali kama wengine. Ila kulikuwa na jambo moja lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki. Asubuhi ile Reijo ndiye aliyefika wa kwanza, na alitamka "mbwa mwitu" akiwa bado barabarani, kabla hajaona hata tone la damu. Reijo huyohuyo aliyelalamika mwaka mzima kwamba Jeri anabweka mno.

Lempi akampigia simu. Reijo akaja kwa miguu, kofia ya rangi ya chungwa kichwani, kikombe cha kwanza cha kahawa akakinywa wima, palepale uani.

"Kimemkataa," Lempi alisema.

"Mbwa hakatai kibanda. Anadeka. Umemlea kama mjukuu."

"Sina mjukuu."

"Ndo maana."

Lempi hakucheka. Reijo akakizunguka kibanda, akapiga paa makofi mawili kama mtu anayeuza ng'ombe, akaonyesha kwa kidole sauna, kijumba cha kuogea mvuke. "Tatizo ni mahali. Nilikwambia jana, kiwekwe nyuma ya sauna. Kule hakuna upepo wa ziwani. Mawe manne chini, mlango utazame kusini, umemaliza."

"Nyuma ya sauna sitamwona nikiwa jikoni."

"Umwone wa nini? Mbwa si televisheni, bibi wee."

"Jeri nilimweka nisikoweza kumwona."

Reijo akainamia kikombe chake. Upepo ulipita kwenye misonobari, ukarudi.

"Na lami yote hii?" Lempi akauliza.

"Inalinda mbao."

"Hadi sakafuni?"

"Aa, wewe nawe! Wazee walisemaje? Ugonjwa ulioshinda sauna, pombe na lami, mchongee mtu jeneza."

"Mbwa wangu haumwi, Reijo."

Alimmiminia kikombe cha pili. Reijo akasema ana haraka, trekta linamsubiri, akaondoka. Kikombe kikabaki juu ya ngazi kikifuka mvuke. Kuusivaara mtu anaweza kukataa mkate, anaweza kukataa salamu, lakini kukataa kikombe cha pili ni karibu sawa na kusimama kizimbani. Lempi alikitazama mpaka mvuke ukaisha. Kisha akaenda bandani kuchukua mtaimbo.

Sakafu ya kibanda ilikuwa ya mbao mpya. Kwa nini kibanda cha zamani kiwe na sakafu mpya? Alichomeka mtaimbo pembeni, akauegemea kwa uzito wake wote, na ubao ukalia kama mlango wa zizi. Chini yake palikuwa na sakafu nyingine, kuukuu, yenye doa pana la kahawia. Miezi yote hii alikuwa akimshuku jirani yake, lakini kushuku ni kama kubeba kaa la moto ndani ya chungu. Unahisi joto tu. Sasa chungu kilikuwa kimepasuka. Alijua atakachokiona: manyoya meusi na meupe, manyoya ya Jeri.

Akaingiza vidole kwenye ufa, akavuta.

Manyoya yalikuwa ya kijivu. Marefu, magumu, ncha zake nyeusi kama zimechovywa kwenye masizi. Nyuma yake Nappi alitoa sauti nyembamba ambayo Lempi hakuwahi kuisikia, kisha akajikojolea papo hapo.

"Umefanya nini?"

Reijo alikuwa amesimama kwenye kona ya sauna. Hakuonekana mwenye hasira. Alikuwa kama mtu aliyekuja kuona nyumba yake inavyoungua.

"Ulimuua mbwa mwitu," Lempi alisema.

"Machi. Aliingia uani kwangu, mchana kweupe."

"Bila kibali."

"Kibali! Nimwambie asubiri niandike barua?" Akapunguza sauti. "Ngozi niliikunja humo. Nani anakagua kibanda cha mbwa wakati mbwa mwenyewe hayupo? Baadaye niliitosa ziwani pamoja na mawe."

"Kisha kibanda ukaniletea mimi."

"Sasa nikichome? Mbao nzima hizi? Nikabadilisha sakafu, nikapaka lami. Lami hufuta kila kitu."

"Hufuta puani mwako, mpumbavu wewe! Yule pale ana pua mara elfu yako." Kisha akauliza lile lililomshikisha mtaimbo. "Na Jeri? Ulijuaje kabla hujaona?"

Reijo akafungua kinywa. Na hapo hapo, kwa bahati ile inayopenda kuvuruga mambo ya watu, gari likapinda kutoka barabara kuu.

Alikuwa Vilma, askari wa wanyamapori, binti mwembamba mwenye buti kubwa kuliko yeye. Alipita nyumba kwa nyumba kabla ya msimu wa kuwinda kuanza. Lempi alisukuma ubao kwa mguu ukarudi mahali pake, akaficha manyoya kwenye mfuko wa aproni.

"Shikamooni. Mnajenga?"

"Marahaba. Tunabishana," Lempi alisema. "Kujenga baadaye."

Vilma akatabasamu. Alieleza shida yake: kuna mbwa mwitu mzee aliyevalishwa shingoni mkanda unaotuma mawimbi ya redio, na mkanda ule ulinyamaza tangu Machi, upande huu wa ziwa. Kuna yeyote aliyesikia chochote? Huku akisema, macho yake yalitoka kwa Nappi, yakaenda kwenye kibanda, yakarudi kwa Nappi.

"Mbona amejikunyata hivyo?"

"Kibanda kigeni."

"Na lami nyingi hivi kwa mbwa mmoja?"

Reijo aliangalia buti zake. Lempi alimtazama. Neno moja tu, na bunduki ya Reijo ingeondoka leo hii, na huenda na yeye mwenyewe. Neno moja, naye Lempi angekuwa amelipa deni la Jeri, kama deni lilikuwepo. Lakini mtu akishafika kwa mwanasheria hujibu maswali ya mwanasheria tu. Swali lake yeye lingefungiwa ndani pamoja na Reijo, na asingelipata tena.

"Huyu?" akasema. "Huyu ukimwachia lami, mwanangu, atapaka hata uji."

Vilma alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Alikunywa kahawa, vikombe viwili, akala mkate mwembamba wa rai, nafaka nyeusi ya huko, uliojazwa wali wa maziwa, akasema ni mtamu kuliko wa mama yake na Lempi asije akamwambia mtu. Alipoinuka alimkabidhi Lempi namba yake ya simu bila kusema ya nini. Gari likaenda. Vumbi la barabarani lilikaa hewani muda mrefu.

"Asante," Reijo alisema.

"Usinishukuru. Sikukufichia wewe. Jibu."

Reijo alivua kofia. Bila kofia alikuwa mzee ghafla.

"Nilimsikia," alisema. "Jeri. Alibweka kama kawaida yake, nikatukana kama kawaida yangu. Kisha akabweka kwa namna nyingine. Unaijua ile namna. Bunduki ilikuwa ukutani, mkono ungeifikia." Akakunja kofia mkononi. "Nikaweka mto kichwani. Nikasema, kesho nitamwendea Lempi, nitamwambia mbwa wake ananichosha."

Lempi alimwaga chini ile kahawa iliyopoa juu ya ngazi.

"Asubuhi nilikuja nikijua. Ndo hivyo."

"Na uliyempiga Machi, ndiye aliyemla?"

"Sijui. Natamani awe yeye. Alikuwa na meno mabovu."

Ingekuwa rahisi zaidi kama angemuua Jeri kwa mkono wake. Lempi alikuwa ameshaandaa chuki ya kutosha kwa mtu aliyeua, alikuwa ameihifadhi kama nyama ya msimu. Lakini kwa mtu aliyejifunika mto hakuwa na chombo cha kupimia. Tena nani alisema ni kweli? Labda hata hii ilikuwa sakafu mpya juu ya sakafu kuukuu. Alimchunguza Reijo kuanzia buti hadi upara, akitafuta msumari uliochomoza. Hakuuona. Hilo nalo lilimtia shaka.

"Kivunje," alisema mwishowe. "Kila ubao uingie kwenye jiko la sauna. Leo."

"Na mbwa alale wapi? Theluji inakuja Jumapili."

"Utajenga kingine. Mbao mpya, bila tone la lami. Hapa, chini ya dirisha la jikoni."

"Upepo wa ziwani—"

"Utajenga na ukuta wa upepo."

Hadi jioni kibanda kilikuwa moshi mweusi juu ya sauna, na yale manyoya ya kijivu Lempi aliyatupa motoni mwenyewe, akasubiri mpaka harufu ikaisha. Kisha Reijo akaleta futi kamba. Kibanda cha mbwa hupimwa kwa mbwa mwenyewe: urefu wake akijinyoosha, kimo chake akisimama, na kiganja kimoja cha ziada. Hakuna njia ya mkato. Ilibidi amguse.

Lempi akachutama, akamshika Nappi mkanda wa shingo. Reijo alipiga magoti kwenye nyasi zenye barafu, akanyoosha mkono taratibu, kiganja juu. Nappi akanusa vidole, akanusa kifundo, akanusa mshono wa mkono wa koti, tena na tena, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofifia. Ngurumo ndogo ikaanza kifuani mwake. Haikupanda, haikushuka.

"Mwambie anyamaze basi," Reijo alinong'ona.

Lempi aliisikia ngurumo ile ikipita kwenye ngozi ya mkanda, ikiingia kwenye vidole vyake, ikipanda hadi kiwikoni.

"Pima," alisema.