Vidole vya Adero

Mtaa mzima wa Kianda hakukuwa na vidole kama vya Adero muuza maharagwe, na nani angebisha? Angeingiza mkono kwenye gunia la maharagwe, afumbe macho, kisha akwambie bila kusita: haya yamenyeshewa, haya ni ya msimu uliopita. Hakuwahi kukubali mtu mwingine amchagulie maharagwe. Hata na Tabby, aliyemuuzia magunia kule sokoni Kawangware 46, waligombana kila Jumanne, kila mmoja akijiona ndiye mwenye vidole.

Kwa vidole hivyohivyo aliupata uvimbe kwenye titi, mkubwa kama kokwa ya avokado. Daktari alisema ni saratani. Akampangia dripu nane za kuupunguza kabla ya upasuaji, na hakumficha kitu: nywele zitaanguka, atatapika, na huenda vidole vikafa ganzi. Ganzi ikizidi, aseme, dawa ipunguzwe. Adero alipima moyoni, akakubali.

Nne za kwanza zilikuwa nyekundu kama juisi ya harusi. Nywele zikaenda, ladha ya samaki ikaenda. Alitapika mpaka akamtukana Nicanor, mumewe, kwa kosa la kusonga ugali tu.

Lakini uvimbe! Kila asubuhi akioga aliupima. Kokwa ikawa harage la njahi, njahi ikawa ndengu. Siku ya ndengu Adero alisimama na povu mwilini hadi maji yakapoa. Dawa imeingilia mkononi, sasa nani aliionyesha njia ya kwenda titini? "Nyasaye wangu," alimnong'oneza Mungu, "kweli kuna watu wamesoma."

Kisha zikaja dripu za aina ya pili, na ganzi yake. Ilianzia kwenye ncha za vidole, kama amevaa glavu. Akawa anachagua maharagwe kwa macho, kisirisiri, wala hakumwambia daktari. Wiki moja baada ya dripu ya sita aliitafuta ile ndengu akaikosa. Mwingine angepiga vigelegele. Adero aliingiwa na baridi: si uvimbe uliokwisha, ni vidole! Vidole vimekufa, na uvimbe umetulia palepale unamcheka.

"Mimi siendi tena," alimwambia Nicanor. "Wamenimalizia mikono na ugonjwa bado uko. Tutakula nini?"

"Si nikuguse mimi, niangalie?"

"Wewe? Wewe mwenye unatafuna mawe kwa githeri ukidhani ni mahindi?"

Jumanne, siku mbili kabla ya dripu ya saba, alipanda boda boda mpaka Kawangware. Alimkuta Tabby akishona gunia.

"Mama Mburu, leo nataka vidole vyako."

Walienda nyuma ya magunia. Adero alimweleza yote, akafungua blauzi. Tabby alifumba macho vilevile anavyofumba akipima mahindi. Akabonyeza, akazunguka, akaenda titi la pili kulinganisha, akarudi.

"Ilikuwa wapi hiyo kitu?"

"Hapo. Hapohapo ulipo."

"Mama Whitney, hapa hakuna kitu."

"Tafuta vizuri."

"Nimetafuta! Yaani mimi ndiye unaniambia nitafute vizuri? Ati mimi?"

Alikasirika kwelikweli, na hasira hiyo ndiyo iliyomfanya Adero aamini. Tabby hajawahi kumdanganya ili kumfurahisha. Aliketi juu ya gunia la kunde. Kokwa nzima imeyeyuka ndani ya mtu, na mtu amebaki!

"Lakini mimi si daktari," Tabby alisema. "Kesho kutwa uende. Na umwambie daktari kuhusu hiyo ganzi, wachana na ushujaa wa bure."

"Nitaenda. Bado mbili, kisha kisu."

"Na vidole vitarudi?"

"Daktari alisema huenda vikarudi, polepole. Huenda visirudi."

Adero aliinuka, akazamisha mkono kwenye gunia lililo wazi hadi kwenye kiwiko. Alihisi uzito tu. Hakulia. Aliutoa mkono, akaupangusa kwa leso.

"Nichagulie wewe," alisema.

Tabby alikuwa amelisubiri neno hilo miaka kumi na mmoja. Alipiga magoti kati ya magunia na kuanza kuchagua, na machozi yakawa yanamdondoka juu ya maharagwe.

"Wee, usiyaloweshe," Adero alimwambia. "Hayo ni yangu."