Swali Moja Lililobaki Wazi

Jumanne saa tatu asubuhi, baada ya kuanika mashuka na kabla ya kupiga pasi sare za shule alizoshonea watu, Bi Mkasi aliketi mbele ya kompyuta ya marehemu mumewe kama afanyavyo kila siku. Akabonyeza alipozoea kubonyeza, akakuta hakuna kitu. Si kwamba kimeharibika. Hakikuwepo. Kioo kilikuwa cheupe kama sahani iliyooshwa.

Kilichokuwepo hapo kwa miaka kumi na miwili ni tovuti ya watu wanaotumia lugha fulani ya kompyuta. Si lugha ya kusemwa. Ni ya kuandika maagizo mafupi mafupi, kama unavyomwagiza mtu dukani, na kompyuta inayafuata mstari kwa mstari bila kununa. Lugha yenyewe ndogo, watumiaji wake wachache, na aliyekwama alikuja pale kuuliza. Mwangalizi wa tovuti, na mjibuji mkubwa kuliko wote, alikuwa mume wa Bi Mkasi. Kule alijiita Fundi Bubu. Nyumbani alikuwa mtu wa "ndiyo" na "weka hapo". Kule aliandika majibu elfu sita. Bi Mkasi aliyagundua baada ya maziko, akawa anayasoma moja moja na chai yake. Nusu hakuyaelewa, lakini sauti aliijua.

Kule palikuwa na desturi. Swali halifungwi mpaka aliyeuliza aandike kwa mkono wake: Imekubali. Mwingine haruhusiwi kumwandikia, hata kama ameona kwa macho. Fundi Bubu alikuwa mkali kwa hilo kuliko mwalimu wa zamu, kwa hiyo alipokufa maswali yote yalikuwa yamefungwa, isipokuwa moja. Mtu aliyejiita Mgeni aliandika kwamba orodha yake inarudia jina la mwisho mara mbili. Fundi Bubu akamjibu Jumamosi asubuhi: "Futa mstari wa saba. Umemaliza, lakini bado unahesabu." Saa sita mchana akafariki, akiwa bado kitini. Mgeni hakuandika tena. Miaka miwili Bi Mkasi alifungua ukurasa ule kuangalia kama Mgeni amesema neno. Ilikuwa kazi ya mwisho ya mumewe, na alitaka kujua kama ilifika.

Jumatano alikwenda kwenye ofisi ya kampuni iliyoihifadhi tovuti. Karani alikuwa kijana mwenye tai na adabu.

"Mama, wewe ni mwanachama?"

"Mimi ni mke."

"Mke si mwanachama. Na taarifa tulituma, mara tatu. Kwa mwangalizi."

"Mwangalizi yuko kaburini."

Karani akatazama kioo chake. "Hapa haionyeshi. Inaonyesha tu kwamba hakupinga."

"Na yaliyoandikwa?"

"Yamefutwa, mama. Ndiyo utaratibu."

Bi Mkasi akamshukuru, maana alilelewa vizuri, akarudi nyumbani.

Alhamisi asubuhi wanachama wakaanza kufika wenyewe. Kila mmoja alikuja na sura ya picha aliyoiweka kule. Wa kwanza alikuwa na kichwa cha paka mwenye miwani. Aliyemfuata alikuwa birika lenye suruali. Wasiowahi kuweka picha walikuja na kichwa cha kijivu cha mviringo, bila pua wala macho, na hao ndio waliokuwa wengi. Walifuta miguu mlangoni, wakakaa walipopata. Wifi yake, dada wa marehemu, anayeishi mlango wa pili, alikuja kuazima uzi akawakuta wamejaa mpaka kwenye ngazi.

"Wifi, una msiba mwingine hujaniambia?"

"Ni watu wa kompyuta. Wamefutiwa kwao."

"Wanakula?"

"Hawali."

"Basi hao ndio wageni," akasema wifi. "Siyo wale wa upande wako."

Fundi Bubu alifika saa tano. Picha aliyotumia kule aliikata kwenye picha yao ya harusi, kwa haraka na bila rula, hivyo alikuja akiwa na miaka thelathini na moja, amevaa suti, na ubavuni kwake limeng'ang'ania bega la mwanamke lenye kitambaa cha kijani.

"Kaka kapendeza," akasema wifi. "Bega la nani hilo?"

"Langu. Siku hizo lilikuwa na nyama."

Kazi ikaanza mara moja. Kila mwanachama alisema alichowahi kuandika, na hakuweza kusema kingine. Paka mwenye miwani akaeleza tatizo lake la mabano. Fundi Bubu akampa jibu lile lile alilompa miaka tisa iliyopita. Paka akasema, "Imekubali," akajikunja mwenyewe, pindo juu ya pindo, akaingia kwenye kabati la vitambaa, akanyamaza. Likafuata birika. Swali likishafungwa, Fundi Bubu hakuwa na jibu lake tena.

Bi Mkasi alingoja mchana, foleni ilipopungua kidogo, akamsogelea.

"Unanikumbuka?"

Fundi Bubu akamtazama kwa heshima. "Umejaribu nini mpaka sasa?" akauliza. Ndivyo alivyowaanza wote kule.

"Nimejaribu kulala upande wako wa kitanda."

"Weka hapa ulichoandika, ndugu, tuone."

Hakuwa ameandika kitu. Miaka thelathini na minane waliishi nyumba moja, na hakuna aliyewahi kumwandikia mwenzake hata mstari. Kulikuwa na haja gani? Akarudi kwenye cherehani yake. Siku sita akashona huku anasikiliza majibu ya watu wengine, mengine marefu, mengine yenye mzaha, moja lenye pole ya mtu aliyefiwa na mbwa. Alipofiwa yeye na mama yake, Fundi Bubu alisema "ndiyo", akaenda kuchemsha maji.

Jumatano iliyofuata kabati lilikuwa limejaa, na sebuleni walibaki wawili: Fundi Bubu, amesimama, na Mgeni, mwenye kichwa cha kijivu, ameketi kwenye kigoda cha kupigia pasi.

"Futa mstari wa saba," akasema Fundi Bubu. "Umemaliza, lakini bado unahesabu."

Mgeni hakuwa na neno la kurudisha, kwa sababu baada ya jibu lile hakuwa ameandika kitu tena. Fundi Bubu akaendelea kusimama. Siku ya pili asubuhi akarudia, na ya tatu vivyo hivyo, halafu anatega sikio mpaka jioni. Bi Mkasi, aliyepima watu maisha yake yote, akalipima na hilo, akaona lilivyo. Neno la Mgeni likitoka, mumewe hatabakiwa na swali, naye atajikunja aingie kabatini.

Mwezi haukuisha. Asubuhi moja akagonga mwanamke wa makamo, mkutubi wa maktaba ya mjini, ameshika karatasi iliyochapwa zamani. Chini ya karatasi palikuwa na anwani ya nyumba ya mwangalizi.

"Shikamoo, mama. Ni mimi niliyejiita Mgeni. Nimetafuta tovuti nimeikosa, nikaona nije mwenyewe, nimwambie fundi kwamba ile—"

Bi Mkasi akamwekea kiganja mdomoni, taratibu, kama anavyozuiwa mtoto mwenye pini.

Mkutubi akachungulia juu ya bega lake. "Yule aliyeketi ni mimi?"

"Ni wewe. Hukuweka picha."

Akamshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba, katikati ya mashuka. "Haya. Sema."

"Imekubali. Ilikubali siku ile ile, mama. Nilifuta mstari wa saba, orodha ikakaa sawa. Nilifurahi nikafunga maktaba nikaenda nyumbani. Nikasahau kusema."

"Sema tena."

"Imekubali."

Bi Mkasi akanyoosha pindo la shuka.

"Asante," akasema. "Sasa umeniambia mimi. Ndani usiliingize neno hilo."

"Lakini yeye anasubiri."

"Anasubiri. Na mimi nilisubiri. Sasa tumekuwa wawili."

"Siyo haki, mama."

"Siyo haki," Bi Mkasi akakubali, akampa chai kwenye kikombe kizuri, akamsindikiza mpaka barabarani.

Wifi alikuwa mlangoni kwake, amekunja mikono. "Alikuwa nani?"

"Kapotea njia."

"Mbona macho yamekuiva hivyo?"

"Sabuni ya mashuka, wifi. Kali."

Bi Mkasi aliiandikia ile kampuni barua tatu, haikujibu. Kwenye anwani ya tovuti sasa wanauza viatu, na ukiuliza chochote wanakuuliza saizi ya mguu. Wifi aliagiza jozi moja, vikaja vyekundu, vikamkaa vizuri. Bi Mkasi hakuagiza. Kila asubuhi huwasha kompyuta, huvitazama viatu vile mpaka mwisho wa ukurasa, huizima. Kisha huchukua kitambaa kikavu, akaenda sebuleni kumpangusa mumewe vumbi.