Kidonge Kilichokataa Tumbo Tupu

Usiku wa kuamkia leo niliota kidonge cha mafuta ya samaki kinapiga hodi mdomoni mwangu.

"Karibu," nikasema, maana adabu ni adabu hata ukiwa umelala.

Kikachungulia ndani, kikarudi nyuma. "Humu hamjapikwa siku nyingi. Siingii."

Nikapandwa na hasira. Tangu masika naumwa sonona, chakula sikitamani, mama ananipakulia na kuondoa sahani kama alivyoileta, na sasa hata kidonge kinaniringia! "Wifi kakununua uniletee furaha," nikakiambia. "Ingia ufanye kazi."

"Dada, mimi ni nyongeza. Nyongeza huongezwa kwenye kitu. Nikuongezee kwenye nini, mate?"

Kumbe tuko sokoni, na kitanda changu ni meza ya samaki. Kwenye kiti ameketi kidonge cha sonona nilichopewa na daktari, bwana mnene mweupe, ametulia tuli. Kidonge cha samaki kinasogea, kinataka kumkalia kiti.

"Hapa pana mwenyewe," anasema bwana. "Kaa pembeni yangu, si mahali pangu."

"Samahani, mjomba."

Kinakaa pembeni. Linaletwa sinia la samaki wa kukaanga, ndimu na pilipili, nao wanaanza kula. Mimi nimesimama hapo hapo, na kwetu anayekula humkaribisha aliyesimama, na aliyekaribishwa huonja japo tonge moja.

"Karibu tule!"

"Nimeshiba."

Soko zima linanigeukia. Samaki mwenyewe ananyanyua kichwa kutoka kwenye sinia. "Ala! Nikaangwe kwa ajili yako, halafu unitie aibu mbele za watu?"

Nikaona haya kweli. Nikamega. Jamani, tamu! Nikamega tena, na samaki akawa ananielekeza: "Njoo huku mgongoni, nyama iko huku." Nikacheka mpaka nikaamka.

Kumekucha. Jikoni mama anakoroga uji polepole, hana haraka na mtu. Nikahisi kitu kinanichoma kwenye ufizi. Nikakivuta: mwiba wa samaki. Na jana nyumba nzima ilikula maharage, mimi sikugusa kitu.

"Mama," nikaita, "nina njaa."

Nikasikia mwiko unaanguka. Akaja mbio, mikono imejaa unga, akasimama mlangoni.

"Hebu sema tena, mwanangu."

Nikasema tena. Akakaa chini pale pale sakafuni, analia huku anacheka, hataki kuinuka. Uji ukaungua. Tukaunywa hivyo hivyo.