Alama ya Iokepa

Zamani mlima haukuwa na lango. Kahikina na mdogo wake Iokepa walipanda na mbwa alfajiri kuwinda nguruwe, mfukoni wali wa baridi na samaki mkavu, wakashuka jioni wakitaniana njia nzima. Miaka ile ilikuwa mitamu, asikudanganye mtu. Sasa Iokepa yuko kaburini mwaka wa sita, mlima umezungushiwa uzio korongo hadi korongo, na msimamizi wa uzio huo ni binti wa Iokepa mwenyewe, Kanoe.

Kahikina habishi, macho anayo. Nguruwe walifukua msitu, mvua ikabeba udongo mwekundu hadi baharini. Ndani ya uzio alibaki mmoja, aliyekwepa mitego ya waya mwaka mzima. Akiwa jike mwenye mimba, kazi ya miaka mitatu ya kuwaondoa ingeanza upya. Basi Kanoe akaja kumwomba baba yake mkubwa alete mbwa.

"Umeshindwa na nguruwe mmoja, na digrii yote hiyo?" Kahikina alimchokoza.

"Nimeshindwa, ndiyo. Unakuja au huji?"

Saa nne asubuhi mbwa walimbana chini ya mti wa ohia. Kahikina akamkamata miguu ya nyuma, akambinua, akachomoa kisu. Kisha akakishusha. Alikuwa dume aliyehasiwa, na sikio lake la kushoto lilikuwa na mapengo mawili na mchano mmoja.

Wawindaji wa kule walikuwa na desturi: ukikamata dume mchanga unamhasi, unamkata sikio kwa alama ya nyumba yako, unamwachia anenepe. Akikamatwa tena, ni wako. Mwingine hamgusi.

"Baba mkubwa, vipi? Mchome!"

"Si wangu. Tazama sikio."

Kanoe akainama, akatazama. "Alama ya Baba," alisema polepole.

"Alimwachia miaka minane iliyopita, ulipokwenda chuo."

"Mwaka alioacha kupokea simu zangu."

"Huo huo. Mchana anakutangaza kijiji kizima, eti umekwenda kusomea namna ya kutufungia mlima. Halafu anapanda huku kukuwekea nguruwe. Akaniambia, 'Huyu ni wa siku Kanoe atakaporudi nyumbani.' Akaniapisha nisiseme. Alipokufa nikadhani mnyama keshaliwa zamani."

Kanoe alikaa kwenye tope kama mtoto. Mbwa walihema, mvua ikaanza kunyesha. Kahikina alimwonea uchungu, na akajionea aibu kwa kukaa kimya miaka yote ile.

"Tumtoe nje ya uzio," akasema. "Hazai huyu. Nani atajua?"

"Huko nje atapigwa risasi na mtu asiyejua ni wa nani."

"Basi?"

"Nimerudi miaka mitatu, Baba mkubwa." Akaligusa sikio la nguruwe. "Kwenye mazishi nilikaa nyuma kabisa, kama mgeni. Na niliporudi, hakuna aliyenipikia hata kiazi."

Hata Kahikina hakuwa amempikia. Akamgeuzia kisu, mpini mbele. Kanoe akachoma mara moja, nyuma ya bega, kama alivyofundishwa na baba yake akiwa na miaka kumi. Mnyama hakuteseka.

Walimpasua palepale. Kanoe akadai fungu kubwa lipakiwe mgongoni mwake, akakataa kusaidiwa.

"Kesho nitachimba shimo la kuokea uani kwangu," Kahikina alimwambia. "Utakaa mbele, karibu yangu. Atakayenuna aondoke."

Kanoe aliitikia kwa kichwa, akatangulia kushuka akilia kwa sauti, bila kujificha. Kahikina akabaki nyuma kidogo, akijifanya anawaita mbwa.

"Mpumbavu wewe, Iokepa," akasema kwa nguvu, machozi yakimtoka. "Si ungemwambia tu."