Waziri Alitaka Sababu

Barua ya kwanza niliiandika kwa siku tisa. Nilikuwa na meli moja ndogo ya mizigo. Mpinzani wangu alikuwa na tatu kubwa. Sote tulipita njia ya ndani, kati ya kisiwa na bara, ambako maji yana kina kifupi na chini kuna nyasi wanamozaliana samaki. Rafadha za meli zake, panga zinazozisukuma majini, zilizifyeka nyasi hizo, wavuvi wakalalamika, wasisikilizwe. Mimi nikaona nafasi. Nilimwandikia Waziri juu ya mazalia ya samaki, nikaomba njia ifungwe kwa vyombo vyote vya injini. Ningeweza kuandika "vyombo vikubwa", lakini "vyote" lilisomeka kama neno la mtu asiyejipendelea. Changu kilikuwa kidogo. Nilidhani kitaachwa kipite.

Waziri aliisoma barua yangu bungeni. Gazeti likaniita Mzee wa Nyasi, nikanunua nakala sita. Baada ya wiki tatu njia ikafungwa, kwa vyombo vyote.

Nahodha wangu alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja. Alikuja ofisini na buti zake za mpira, akakalia meza, jambo nililomkataza miaka thelathini.

"Hongera, Mzee wa Nyasi. Samaki wamepata usingizi. Sisi tunapita wapi?"

"Njia ya nje."

"Kwa meli ipi?"

"Acha utani."

"Nani anatania, kaka? Bati la ubavuni nikiligonga nyundo, nyundo inataka kuingia. Huku ndani tunaelea kwa kuonewa huruma. Kule nje mawimbi hayajui kama umesomwa bungeni." Akaipokonya kalamu yangu, akanirudishia. "Mwandikie tena. Atuachie sisi tu, mpaka tubadilishe mabati."

Nikaandika wakati meli ikipakia. Niliomba ruhusa maalumu "kwa sababu zilizo wazi", nisizitaje. Kusema kwamba meli haiwezi bahari ya nje kungekuwa kusema kwamba hati yake ya usalama ni uongo. Mkaguzi aliigonga muhuri ofisini kwangu, bila kushuka tumboni mwa meli, na fomu niliijaza mimi. Serikali ingeifunga meli gatini siku hiyohiyo.

Jibu lilifika baada ya siku tano, limeandikwa kwa mkono wa Waziri mwenyewe: "Mzee wangu, ruhusa naweza kuitoa mara moja. Nieleze tu sababu."

Barua hiyo niliitia drooni. Mdogo wangu alipouliza, nikamwambia Waziri bado anafikiria.

Alikwenda njia ya nje, akarudi. Akaenda tena, akarudi. Safari ya tatu alirudi macho mekundu. Pampu ya kutolea maji haikuzimwa njia nzima.

"Amejibu?"

"Bado."

"Huyo Waziri wako anaandika kwa mguu?" Akacheka, akamalizia chai yangu, akaenda kusimamia upakiaji.

Safari ya nne hawakurudi. Meli ya mafuta iliwaokota wawili kati ya saba. Mpishi, mmoja wa hao wawili, alisema ubavu ulifunguka mchana kweupe, na nahodha alikuwa chini kwenye pampu.

Siku ya kumi baada ya ajali, mke wa marehemu mdogo wangu alikuja ofisini. Ni mwalimu wa hesabu, si mtu wa maneno mengi. Nilimvutia kiti, hakukaa.

"Shemeji, aliniambia mnamngoja Waziri. Alijibu?"

Ningeweza kusema hapana. Nilifungua droo.

"Nisomee."

Nikasoma.

"Ya tarehe ngapi?"

Nikaitaja. Akahesabu siku. "Kabla ya safari ya kwanza."

"Ndiyo."

"Na sababu yenyewe ilikuwa nini?"

"Meli ilikuwa imeoza."

"Ulijua."

"Aliniambia. Hata kabla hajaniambia, nilijua."

Nilingoja anitukane. Alichukua karatasi tupu, akaiweka mbele yangu.

"Basi mjibu. Mtu amekuuliza."

"Shemeji, barua hiyo itanipeleka jela."

"Andika."

Nikaanza: Mheshimiwa Waziri, kwa heshima na taadhima—

"Hapana. Sababu tu."

Nikachukua karatasi nyingine. Niliandika kwamba meli yangu haikufaa kwenda njia ya nje, na kwamba nilijua. Ulikuwa mstari mmoja. Aliusoma, akanirudishia.

"Waliokufa ni watano. Waandike."

Nilianza na mdogo wangu. Watatu waliofuata niliwajua mpaka majina ya baba zao. Wa tano, msaidizi wa fundi injini, nilimjua kwa jina la utani tu, Kipara. Nikaandika hilo.

Aliikunja karatasi mwenyewe, akaitia mkobani.

"Posta wanafunga saa ngapi?"

"Saa kumi," nikamwambia.