Bomba Linatembea

Bomba lilikuwa limeota kitambi. Hortense alisimama chini yake, kiganja puani, akalifuata kwa macho kutoka chumba cha boila hadi kwenye masufuria makubwa ya kuchemshia mafuta, mita arobaini nzima. Alilichora limenyooka kama uzi, ila pindo moja katikati. Sasa lilikuwa limepinda upande, mabano mawili yamechomoka ukutani na kumwaga plasta sakafuni, na kwenye kiwiko cha mwisho maji ya moto yalijikusanya, yakadondoka, yakajikusanya tena. Chini ya kiwiko hicho hicho Adyero, mfungaji sabuni, alikuwa amekalia kreti akiimba.

"Adyero, toka hapo."

"Madam, hapa iko joto mzuri. Mgongo yangu inapenda."

"Toka, mama. Beba vitu vyako, enda ukae mlangoni."

Kiwanda hicho cha sabuni, Kampala, kando ya njia iendayo Port Bell, kilichemsha mafuta ya ng'ombe kutoka machinjioni, na mafuta yalifika yakiwa yamekaa kwenye mapipa hadi yameota ukungu. Harufu yake iliingia katika nywele, katika mkate, katika mashuka ya kitanda. Huko Bukavu mama yake Hortense alipika sabuni ya mawese, na jikoni kulinukia kama chakula. Hapa palinuka kidonda kilichofungwa bila kuoshwa. Miaka sita Hortense alikuwa mhandisi wa mabomba humo, na hakuzoea hata siku moja.

Lakini siku hiyo, Jumanne ya kwanza tangu arudi likizo, kilichomtia kichefuchefu hakikuwa mafuta. Vilikuwa viatu.

Chuma kikipata moto hurefuka, wala hakiombi ruhusa. Kila asubuhi mvuke ulipoingia, bomba lile lilirefuka vidole vinne. Ndiyo maana Hortense alilitengenezea lile pindo katikati, pana kama fremu ya mlango, limeze urefu huo. Na kila penye bano akalivisha kiatu cha chuma kisichofungwa popote, liteleze huku na huku litakavyo. Sasa viatu vyote kumi na viwili vilikuwa vimechomelewa kwenye mabano yake, mshono mnene, mzuri, wa fundi aliyejivunia kazi. Bomba lilinyimwa pa kwenda, likaanza kubomoa nyumba.

"Ni mpumbavu gani amefanya hivi?" aliuliza kwa sauti ya kusikika kiwanda kizima.

Opoka, mtunza boila, alisimama wima, mikono imenyooka mapajani. Alikuwa mwanajeshi miaka ishirini, na hadi leo alijibu kama yuko gwaridani. "Ilikuwa order, Madam."

"Ya nani?"

Opoka alitazama buti zake. "Order kutoka juu, Madam."

Juu, nyuma ya kioo, ndiko alikokaa Makokha, meneja. Hortense hakuhitaji kuambiwa zaidi.

"Funga mvuke."

"Boss alisema hakuna mtu kugusa koki mpaka wageni naenda."

Angeweza kuifunga mwenyewe. Hakuifunga; hasira ilikuwa tamu, naye alitaka kwanza kuimwagia mtu usoni. Akapanda ngazi mbili mbili.

Makokha alikuwa anakula kuku. Midomo ilimng'aa, na mezani mbele yake mchoro wa Hortense ulikuwa umetandazwa kama kitambaa. Akafuta vidole kwenye pembe ya mchoro, palipo na muhuri na sahihi.

"Injinia! Karibu. Wanunuzi wanafika saa nane, wanataka kuona mvuke ukifanya kazi. Niwekee sahihi kwamba laini iko sawa."

"Nani aliamuru viatu vichomelewe?"

"Mimi najua viatu gani? Mzee wako Opoka ndiye alileta fundi kutoka Katwe. Ana kitabu chake kile, muulize." Alinyonya mfupa. "Lakini kwa nini tusumbuke? Tunaandika ni yeye alikosea. Kesho anaenda kwao. Mchoro wako unabaki safi, kiwanda kinabaki safi. Sisi watu wa shule tunafunikana."

Alisema hivyo huku akitabasamu, na uzi wa nyama ukiwa umenasa kwenye jino. Mzee aliyelinda boila miaka sita angetupwa kama mfupa ule, kisha watu wanawe mikono. "Nyani haoni kundule," Hortense alijisemea akishuka ngazi, akiwa na hakika kabisa nyani alikuwa nani.

"Lete kitabu," alimwambia Opoka.

Kiwanda kizima kilikicheka kitabu hicho. Opoka alikiandika kama zamu ya lindo, kila saa na tukio lake, mistari imepigwa kwa wino mwekundu. Panya mmoja ameonekana akielekea stoo. Mvua imeanza. Mvua imekwisha. Aliyekicheka kuliko wote alikuwa Hortense. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kukifungua.

*Jumatatu, saa moja. Bomba linatembea. Vidole vinne. Nimeripoti kwa Madam kwa simu. Hakuna jibu.*

Jumanne vivyo hivyo. Jumatano vivyo hivyo.

*Alhamisi, saa moja. Bomba linatembea na linalia. Nimeripoti kwa Madam. Madam amejibu: Kaza lisitembee. Usinisumbue tena.*

*Jumapili, saa nne. Fundi amekaza viatu vyote. Bomba halitembei. Order imetekelezwa.*

Hortense alisoma mara mbili. Akakumbuka. Alhamisi ile alikuwa saluni Wandegeya, anasukwa kwa ajili ya harusi ya Marlène, mpwa wake. Simu ilipolia aliona jina la Opoka, akaandika jibu bila kusoma ujumbe wote, akamwonyesha msusi, wakacheka pamoja. Mwanajeshi wangu huyu!

Jeshini, kinachosogea penye lindo ni kosa. Mzee angejuaje kwamba bomba hili lilichorwa litembee? Miaka sita alikuwa akiliamsha kila alfajiri akiwa chumba cha boila, na mwenye kulichora hakuwahi kuona haja ya kumweleza. Wiki ile ya likizo, akilikagua kwa niaba yake, ndipo alipoliona likisogea kwa mara ya kwanza.

"Madam." Opoka aliongea chini chini. "Hii page naweza kutoa. Nachana tu. Boss atanifukuza, najua, lakini mimi kwetu iko Gulu, nalima. Wewe uko mgeni hapa, karatasi zako za kazi iko mikononi mwa Boss."

Kinyaa chote alichokuwa akiwagawia watu tangu asubuhi kilimrudia mwenyewe. Hortense aliufikia mfereji kwa hatua tatu, akainama, akatapika chai yote. Hakujali nani anaona. Alipojifuta mdomo alikwenda moja kwa moja kwenye koki, akaizungusha kwa mikono yake miwili hadi ikagoma. Kelele za mvuke zikafifia, masufuria yakaacha kuchemka. Juu, Makokha alianza kugonga kioo.

Akachukua kalamu ya Opoka.

*Jumanne, saa tano. Nimefunga mvuke. Viatu vilichomelewa kwa amri yangu. Opoka aliripoti mara nne. Hortense.*

Alikipandisha kitabu juu, akakiweka wazi juu ya mchoro wenye mafuta. Makokha alisoma, akasoma tena, uso ukimwiva.

"Unajikata mguu mwenyewe. Kampala imejaa mainjinia, wewe mwanamke!"

"Imejaa, Boss. Mwite mmoja aje asimame chini ya kile kiwiko."

Saa nane wageni waliketishwa ofisini, wakapewa soda. Bomba lilikuwa limepoa. Hortense alikuwa juu ya ngazi, miwani ya kinga usoni, grenda mkononi, na Opoka akishikilia ngazi kwa chini. Mshono wa kwanza ukakatika, wa pili, wa tatu. Alipoukata wa kumi na mbili, bomba likashtuka. Lilisogea mara moja kwa kishindo kilichopita kuta zote, na Adyero huko mlangoni akapiga ukelele.

Opoka alinyoosha mkono, akapima nafasi kati ya kiatu na alama aliyoiweka kabla ya fundi kuja. Akasimama wima.

"Madam," alisema, "bomba linatembea."

Hortense alizima grenda, akavua miwani, akashuka ngazi hadi macho yao yakawa sawa.

"Sema yote, mzee," alisema. "Nasikiliza."