Mikono ya Kitindamimba

Nina watoto wawili. Wa kwanza ni fundi viti, na hasikii tangu alipougua homa akiwa na miaka miwili. Wa pili ni kitindamimba wangu. Huyu alijua kusema kwa mikono kabla hajajua kufunga kamba za viatu, maana alitaka kugombana na kaka yake kama watoto wengine wanavyogombana. Mimi nilichelewa, na kuandika sijui, nasoma tu. Mikono yangu inajua kula, kulala, mvua, njoo, pole. Mambo makubwa nilimwachia kitindamimba ayafikishe.

Alipokua, hiyo ikawa kazi yake. Televisheni ya taifa ilimwajiri awe mkalimani wa viziwi, yule unayemwona kwenye kidirisha pembeni, amevaa nguo nyeusi ili mikono ionekane. Mheshimiwa, rais wetu, akihutubia, yeye hukaa peke yake kwenye chumba kidogo, sauti ikimjia sikioni, naye anaipitisha kwenye vidole. Hapa nyumbani fundi huweka randa chini, anavuta kiti, anamtazama mdogo wake.

"Huyu hanifichi," aliniandikia siku moja. "Mheshimiwa akitukana, napewa tusi zima."

Mheshimiwa alikuwa ameshakaa sana. Muhula wake wa mwisho ulipofika, bunge likafuta neno "mwisho". Daktari aliyesema mzee apumzike akanyang'anywa leseni. Kisha ikatoka sheria kwamba afya yake haizungumzwi. Jirani yangu muuza mkaa alikuwa akisema, "Mimi siku hizi hata nikipiga chafya, naongeza kwamba Mheshimiwa hajambo." Tulicheka, lakini tulicheka tukiangalia mlangoni.

Siku ile alihutubia saa nne asubuhi. Nilikuwa jikoni nachambua mchele, nasikia sauti yake. Alianza vizuri, akanyamaza, akarudia alichokwisha kusema, akanyamaza tena. Ghafla sauti ikakatwa, ukaja wimbo wa taifa. Nikadhani hotuba imekwisha.

Fundi akapiga sakafu kwa mguu. Ndivyo anavyoniita. Nikaenda sebuleni. Kwenye televisheni palikuwa na bendera tu inapepea, na pembeni, kwenye kidirisha, mikono ya kitindamimba ilikuwa bado inakwenda. Waliokata sauti na picha ni watu wanaosikia. Hakuna aliyekumbuka kwamba pale pembeni kuna mtu anasema. Na yeye, kule chumbani kwake, alikuwa bado anamsikia Mheshimiwa sikioni, hakujua kwamba sisi wengine tumefungiwa.

Fundi alichukua penseli yake ya kazi akaniandikia kwenye ubao aliokuwa akiupima. "Anamtafuta waziri wa maji. Anasema mbona kiti chake kitupu, akamatwe."

Waziri wa maji alikuwa amezikwa miezi mitatu kabla. Mheshimiwa mwenyewe ndiye aliyetupa udongo wa kwanza.

Akaandika tena. "Anauliza kama mama yake ameshakula." Halafu, chini yake: "Anasema wahariri wa magazeti wawekwe ndani leo, wote."

Niliketi. Nilimwonea huruma, siwezi kuficha. Angekuwa mume wangu ningemshika mkono, nikamvua viatu, nikamwambia mama ameshakula, lala. Lakini kabla jua halijazama wahariri walikuwa ndani. Mtu aliyepotea alitoa amri, na watu wenye akili zao timamu wakaenda kuitekeleza.

Kitindamimba walimchukua kazini, bado amevaa ile nguo nyeusi.

Siku kumi na moja nilikwenda kwenye lango la kituo cha polisi na chakula chake, na siku kumi na moja nilirudi nacho. Askari wa lango alinipa kiti chake, akasimama yeye juani. "Kaa, mama. Mimi miguu ninayo," alisema. Sitamsahau. Siku ya kumi na mbili ofisa mmoja aliniita ndani, akanipa maji, akazungumza nami kwa adabu.

"Mama, mwanao ni mkaidi. Tunataka dakika moja tu. Aseme, kwa hiyo mikono yake, kwamba alitafsiri vibaya. Leo hii unarudi naye. Asiposema, ni miaka kumi na tano."

Wakamleta. Alikuwa amekonda, nywele hazijachanwa. Nilianza kuzisuka palepale kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

"Sema tu, mwanangu," nikamwambia. "Kila mtu atajua umelazimishwa."

"Kaka atanitazama, mama."

"Kaka yako ataelewa."

"Sijawahi kumdanganya kwa mikono. Kwa mdomo nimekudanganya wewe mara ngapi. Yeye, hata mara moja."

"Kumi na tano, kitinda. Mimi hiyo miaka sina."

Nilimaliza msuko mmoja. Kisha akasema, "Haya, mama," kama alivyokuwa akisema nikimtuma dukani.

Walimwonyesha saa kumi jioni, safari hii si kwenye kidirisha bali kwenye televisheni nzima. Nilikuwa nimeambiwa nirudi nimngoje nyumbani. Fundi alitazama mpaka mwisho. Alizima, akabaki anatazama kioo cheusi, kisha akanigeukia na kuuliza kwa ishara ndogo ndogo, zile ninazozijua.

"Wewe ndiye uliyemwambia?"

Niliitikia kwa kichwa. Alinishika bega, akaenda kuutafuta ule ubao. Aliupiga randa mpaka maandishi yakaisha.

Gari lilimleta kitindamimba jua likizama. Muuza mkaa alikuwa ametuachia gunia mlangoni bila kugonga. Fundi alikuwa ameshamtengea mdogo wake kiti chake cha utotoni, kile alichomtengenezea mwenyewe na sasa hakimtoshi vizuri, akamkalisha. Akamwambia kwa mikono yote miwili, polepole: karibu, sikukasirika, umekonda, kula.

Kitindamimba aliona yote. Nilimwona akiona. Lakini mikono yake aliiweka chini ya meza, katikati ya magoti.

"Mwambie kaka nashukuru," akaniambia mimi.

"Mwambie mwenyewe, mwanangu. Huyo hapo."

"Mwambie wewe, mama."

Ni miezi minane sasa. Tunakula pamoja, watu watatu. Yeye ananiambia kwa mdomo, nami nafikisha. Jana alisema mengi, kuhusu chumba walichomfungia, na wimbo uliokuwa ukipigwa humo, na jambo alilotaka kaka yake alijue. Niliinua mikono. Nilitafuta, nikatafuta, fundi akinitazama kwa subira yote aliyo nayo, na nilichopata kumwambia ni pole, na kula, na mvua.